Mkasi wa Utepe

Dada yangu wa tumbo moja alinikamata nywele, akanizamisha kichwa baharini, akanilalia mgongoni kwa uzito wake wote!

Mchana kweupe. Ufukweni. Watu wanatazama.

Nilirusha mateke... nikamkwangua mikono kwa kucha... wapi! Dada ana mikono ya kuvuta nanga. Maji ya chumvi yaliniingia puani yakatokea kooni, kifua kikataka kupasuka.

Nikasema moyoni, leo ananimaliza.

Shingoni kwangu kulikuwa na mkasi mdogo, unaning'inia kwenye kamba. Mkasi wa kazi, wa kukatia utepe.

Nikaupapasa. Nikaushika.

Nikamchoma!

Tulieni basi niwasimulie, maana najua mmeshaanza kuandika huko kwenye maoni kwamba huyo dada ni shetani. Hata mimi ndivyo nilivyosema. Shukeni nami mpaka chini kabisa, halafu mtamtukana mnayemtaka.

Kazi yangu ni kuwachagulia watu bahari.

Nina kibanda cha mabati mkabala na kituo kikuu cha mabasi. Ndani kuna viti vitatu vya plastiki na ramani ya mji niliyoichora ukutani kwa mkono wangu. Wageni wanashuka, miguu imevimba, macho mekundu, halafu mtu ananiuliza, "Dada, bahari iko wapi?" Kana kwamba iko moja!

Mimi simjibu mtu kabla sijamtazama.

Una watoto? Nenda Bwawani, pale miamba inavunja mawimbi kule mbali, maji yanafika ufukweni yamechoka. Uko fungate? Nenda Mchanga Mweupe, hakuna wa kuwasumbua isipokuwa kaa. Unaogopa maji lakini hutaki mkeo ajue? Nakupeleka kwenye mnara wa taa na nyumba ya samaki. Utapiga picha na papa nyuma ya kioo, utarudi nyumbani shujaa.

Halafu kuna Mkondoni.

Wallahi, Mkondoni ni pazuri kuliko kote. Mchanga kama unga uliochekechwa, maji ya kijani unaona mpaka kucha za miguu. Lakini bahari ikianza kupwa, maji yote yanatoka kwa mfereji mmoja, kati ya mafungu mawili ya mchanga. Ukiwa umesimama hapo, unaondoka nayo. Na kwa juu pametulia kuliko sehemu zote. Huoni hata wimbi! Ndiyo maana pale hufa hata wanaojua kuogelea.

Sasa shikeni hili, maana kila kitu kimetokea hapa.

Mgeni wangu namfunga utepe mkononi. Bluu ni Bwawani. Mweupe ni Mchanga Mweupe. Njano ni mnara na samaki. Mwekundu ni Mkondoni, na huo siufungi bahari ikipwa. Kituoni kuna kelele za kupasua masikio, hakuna nafasi ya kumweleza dereva habari ndefu. Dereva anatazama mkono, anaona rangi, anapakia, anaondoka. Ndivyo tunavyofanya kazi wote pale kituoni. Rangi uliyofungwa ndiyo safari yako, na hata walinzi wa ufukweni hawakupokei bila rangi yao.

Kibanda tulikianzisha wawili, mimi na dada. Yeye ndiye aliyenilea tangu wazazi walipofariki, ndiye aliyenifundisha kuogelea kwa kunisukuma gatini na kuruka nyuma yangu. Utepe alikuwa akiufunga kwa fundo lake mwenyewe, dogo kama punje, ambalo likilowa linazidi kukaza. Mgeni anarudi kwao bado analo.

Siku moja akanambia anahama.

"Unahamia wapi?"

"Mkondoni. Nyangumi anatafuta mwokoaji."

Nyangumi ndiye aliyeishika Mkondoni yote. Miavuli yake, boti zake, pikipiki za maji zake, mabaunsa wake. Jamaa amejaa kama tangi la maji na ana hasira za karibu. Ukimgomea anakuvunja kidole, halafu anakuuliza kama unataka kuvunjwa na kingine.

"Dada! Unakwenda kumfanyia kazi yule muuaji?"

"Watu wanakufa kule, we mtoto. Huku kwako wanapigwa picha tu."

"Sema amekununua!"

Alinitazama sana. Kisha akachukua begi lake, akaondoka. Tangu siku hiyo tukawa tunapishana barabarani kama hatujawahi kulala kitanda kimoja.

Aliyenituliza ni mchumba wangu. Tumwite Usukani, maana ni dereva wa gari la wageni, kijana mtanashati, mdomo asali. Kila jioni alinambia, "Mpenzi, msahau yule. Damu yako imekuuza, mimi nipo."

Nikamwamini... Si ndiyo mapenzi?

Basi bwana, asubuhi ya siku yenyewe lilishuka kundi la manesi wastaafu. Fulana zote za njano, mgongoni zimeandikwa TUMEPUMZIKA. Hawajawahi kuiona bahari maishani mwao. Kiongozi wao mfupi, mnene, ana sauti ya kuamsha wodi nzima. Wenzake walimwita Mama Nesi.

"Binti, wewe ndiye mwenye bahari?"

"Ndiyo mama. Mnataka ya namna gani?"

"Isiyoua."

"Na yenye vijana wa kutubebea mikoba!" akadakia mmoja nyuma.

"Nyamaza wewe, una wajukuu!"

"Wajukuu wamenifunga macho?"

Walicheka mpaka wapiga debe wakageuka. Nikauliza, "Kuna anayejua kuogelea?"

Wakatazamana, kisha wote wakamgeukia kiongozi wao.

"Mwanangu," akasema Mama Nesi, "sisi tumeogesha watu maisha yetu yote. Kuogelea hatukufundishwa."

Niliwafunga utepe wa bluu, mmoja baada ya mwingine. Bwawani, hakuna mjadala. Mama Nesi akanishika shavu. "Tukirudi tunakuletea mchanga kwenye chupa." Nikamwambia, "Mama, mchanga ninao. Nirudieni tu salama."

Akachukua namba yangu, Usukani akawapakia, akanikonyeza, wakaondoka wanaimba.

Nimekaa, nahudumia wengine, simu ikalia. Picha kutoka kwa Mama Nesi! Wamesimama mchangani, mikono juu, meno nje.

Nikatabasamu... halafu tabasamu likanifia mdomoni.

Nyuma yao ulionekana mnara wa waokoaji wa rangi ya chungwa. Upo mmoja tu mji mzima. Upo Mkondoni!

Nikaikuza picha. Mikononi mwao utepe ni mwekundu!

Nikampigia Usukani.

"Manesi wako wapi?!"

"Mpenzi... nilikuwa natafuta jinsi ya kukwambia."

"Sema!"

"Dada yako alinisimamisha kwenye mzunguko wa barabara. Akawavua bluu, akawafunga nyekundu. Eti mmeelewana."

"Dada yangu?!"

"Nyangumi leo anapiga video ya tangazo, anataka watu wengi majini. Si nilikwambia huyo kakuuza?"

Nilitazama gati ng'ambo ya barabara. Ngazi ya chini kabisa, ile yenye mwani, ilikuwa nje inang'aa.

Bahari inakupwa!

Nilirukia pikipiki ya kwanza niliyoiona. "Mkondoni! Endesha kama unafukuzwa!" Njia nzima mkasi ulikuwa ukinigonga kifuani, na mimi namtukana dada kwa kila jina ninalolijua.

Nilipofika, muziki unapigwa, miavuli imepangwa kama jeshi, droni inazunguka hewani. Kwenye mlingoti hakuna bendera nyekundu ya hatari. Nyangumi yuko juu ya pikipiki yake ya maji, ana kipaza sauti mkononi.

"Ingieni zaidi, mama zangu! Rusheni maji! Chekeni, mnapigwa picha!"

Na manesi wangu wanaingia... wanacheka... maji kiunoni... wanaelekea palee palipotulia!

"TOKENI!" nililia. "MAMA NESI, TOKENI MAJINI!"

Muziki ukanimeza. Nikakimbia. Baunsa mmoja akanidaka kiuno, mwingine akanitandika ngumi ya mdomo. Jino likatoka, nikaliona likianguka mchangani kama punje ya hindi.

"Bosi kasema hakuna kelele leo."

Nilichota mchanga nikamjaza nao machoni. Yule wa kiuno nikamng'ata mkono mpaka nikahisi mfupa. Akaniachia anabweka kama mbwa. Akanifukuza, nikang'oa mwavuli, nikamtandika mti wake ubavuni, akaenda chini pamoja na viti viwili vya wageni.

Ndipo niliposikia mlio ambao sitausahau. Kicheko cha wanawake kikigeuka kuwa mayowe.

Mfereji umewashika!

Wale wa nyuma walikuwa bado na mchanga chini ya miguu. Wakashikana mikono, wakawa mnyororo, wakawa wanavutana kurudi huku wanaitana kwa majina. Lakini Mama Nesi alikuwa mbele yao wote. Niliona fulana ya njano ikienda... ikienda... kama mtu anayevutwa kwa kamba.

Nikajitupa.

Kwenye mfereji hupigani na maji, unakwenda nayo. Hilo alinifundisha dada. Nikaenda nayo, nikamfikia, nikamshika mkono. Macho yamemtoka, hana hata sauti ya kulia. Utepe mwekundu ukateleza kwenye kiganja changu, fundo likafunguka lenyewe kama la kamba ya kiatu, ukaelea ukaondoka.

Niliuona. Ila sikuuelewa. Mtu unapigania pumzi, utafikiria mafundo?

"Nishike shingo, mama! Usinivute, lala tu!"

Hapo ndipo nilipomwona dada.

Anakuja kutoka upande wa miamba, anakata maji kama panga. Midomo imepasuka, damu inamtiririka kidevuni. Anapiga kelele, sisikii neno hata moja. Nyuma yangu kuna muungurumo wa injini, muziki bado unapigwa...

Akafika. Akampokonya Mama Nesi mikononi mwangu! Akamsukuma mbali!

"Unafanya nini, muuaji weee!"

Akanikamata nywele.

Mengine mliyasoma pale juu.

Nilimchoma mkono. Hakuniachia. Nikamchoma tena, safari hii begani, nikauzungusha mkasi kwa hasira ya miaka yote. Bado hakuniachia! Alinibana tu, kidevu chake kichwani kwangu, jinsi alivyokuwa akilala nami wakati wa radi.

Halafu juu yetu kukapita kishindo.

Niliusikia mwili wa dada ukiruka wote, mara moja. Mikono yake ikalegea.

Nikaibuka, nikakohoa, nikafuta macho. Maji yalikuwa mekundu pande zote. Nikajiuliza, kamkasi haka kametoa damu yote hii?

Dada alikuwa anaelea kifudifudi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema: "Umeyataka mwenyewe!"

Boti ya wavuvi waliokuwa karibu ilituokota sote. Hospitali wakampitisha dada mlango wa upasuaji, mimi wakanikalisha kwenye benchi na afande mwanamke aliyekuja kuniandikisha maelezo. Usukani alishafika, kanishika mkono.

"Ni kweli ulimchoma dada yako?"

"Ni kweli. Alitaka kuniua."

"Mweleze afande yote, mpenzi," Usukani akasema kwa sauti ya huruma. "Mweleze na habari ya utepe."

Afande hakuandika. Alitoa simu.

"Hii imetoka kwenye ile droni. Kijana wa kamera alikimbilia kwetu mwenyewe. Tazama kwanza."

Nikatazama.

Kutoka juu, bahari inaonekana kama kitambaa. Naonekana mimi, nukta ndogo, na Mama Nesi shingoni. Anaonekana dada akija. Na nyuma yangu, mahali ambapo sikuwa na macho, inaonekana pikipiki ya maji ya Nyangumi.

Inanifuata mimi. Ninapopeperushwa kulia, nayo inakata kulia. Nikienda kushoto, nayo kushoto. Anaongeza mwendo! Nimemharibia tangazo lake, anakuja kuninyamazisha.

Dada anafika. Anampitishia Mama Nesi boya kifuani, anamsukuma nje ya njia. Halafu ananizamisha. Halafu anajilaza juu yangu, amejitandaza kama mtu anayefunika mtoto.

Na huku chini yake mkono wangu unaonekana ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka...

Pikipiki ikapita juu ya mgongo wake, ikarushwa pembeni, Nyangumi akaruka akatua kwenye fungu la mchanga na mguu umeangalia nyuma.

Nilipiga yowe mpaka nesi wa zamu akatoka mbio.

"Aliniambia..." sikuweza kumaliza. "Nilidhani..."

Usukani akanikumbatia. "Pole mpenzi. Pengine alijuta dakika ya mwisho. Lakini si ndiye aliyewabadilishia utepe wale wamama?"

Afande akamgeukia polepole.

"Saa ngapi hiyo?"

"Asubuhi, afande. Pale kwenye mzunguko."

"Asubuhi ipi? Huyu mwanamke tangu alfajiri alikuwa amefungwa kamba kwenye stoo ya boti. Alikataa kushusha bendera, wakampiga, wakamfungia. Kamba aliyoikata kwa kuisugua kwenye panga la injini ya boti tumeikuta, ina damu yake."

Mkono wa Usukani ukawa baridi ndani ya mkono wangu.

Ndipo lile fundo lilipofunguka tena mbele ya macho yangu. Fundo la dada likilowa linakaza! Lile lilifunguka kwa kuguswa tu. Kitanzi kilegevu, kile Usukani anachofungia turubai juu ya gari lake kila siku, mimi nikiwa nimesimama namshikia ncha!

Na kama vile mambo hayajatosha, mlango wa wodi ukafunguka. Mama Nesi, kajifunga blanketi, dripu mkononi, anaisukuma nguzo yake mwenyewe, wenzake nyuma yake.

"Yuko wapi binti mwenye ba..." Akamwona Usukani. "Ahaa! Na wewe upo! Kijana wa utepe!"

"Mama, mimi..."

"Si ulituambia bluu imechujuka, ukatuvua ukatufunga hizi nyekundu? Ukasema ni salamu kutoka kwa binti?"

Nikauchomoa mkono wangu mkononi mwake.

"Kwa nini?" nikamuuliza. Sauti yangu sikuijua.

Akatazama sakafu. "Aliniahidi boti. Boti yangu mwenyewe, mpenzi... ningekuoa vizuri. Nilijua wataingia maji ya magotini tu, watapigwa video, basi..."

"Na jina la dada yangu?"

"Ulikuwa umeshamchukia tayari. Niliona utaamini haraka."

Hiyo ndiyo iliyoniua, wasomaji wangu. Si boti. Ni kwamba alikuwa amenisoma sawasawa.

Nilinyanyua kiti cha chuma nikampasua nacho usoni. Pua ikaenda upande wake. Nilipokinyanyua mara ya pili afande alikuwa anatafuta kalamu yake chini ya benchi, sijui aliidondosha saa ngapi. Na manesi wastaafu nao, wanawake waliotibu watu ujana wao wote, walivua ndara za ufukweni wakamshukia kama mvua ya mawe!

"Hii ya kwangu!"

"Hii ya sukari yangu uliyoipandisha!"

"Mpige hapo, hapo hapana mfupa, hapatavunjika!"

Alipotolewa na pingu alikuwa hatamaniki.

Nyangumi anatembea na magongo mahabusu, anasubiri hukumu. Video yake ya tangazo imetazamwa kuliko alivyoota, ila mahakamani.

Dada alizinduka baada ya siku ambazo sitaki kuzihesabu. Mgongo umeshonwa kutoka bega mpaka kiuno. Bega nililozungushia mkasi halipandi tena juu. Madaktari wamesema mshipa umekatika. Kuogelea kwa kuokoa watu, basi.

Hilo si la Nyangumi. Hilo ni la mkono wangu.

Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikashindwa hata kuanza.

Akafungua jicho moja.

"Mkasi wako butu," akanong'ona. "Kila siku nakwambia uunoe."

Nililia, nikacheka, nikalia tena. Akanipapasa pengo la jino kwa kidole.

"Kwa nini hukunambia, dada? Kwamba ulikwenda kule kulinda watu?"

"Nilikwambia. Wewe ulisikia nimenunuliwa."

Siku hizi kibanda nimekifunga. Niko Mkondoni. Dada anakaa juu ya mnara wa chungwa na filimbi yake, anasoma maji, mimi ndiye miguu na mikono yake. Maji yakianza kupwa napandisha bendera mwenyewe, na hakuna mwanamume aliyenijia kunambia niishushe.

Ukija mjini kwetu, uliza bahari kabla hujavua viatu. Palipotulia sana usipakimbilie.

Na siku mtu akikuletea habari kwamba ndugu yako amekuuza, nenda kwa ndugu yako kwanza, ukamuulize uso kwa uso, mkiwa mmesimama nchi kavu. Halafu rudi umtazame vizuri aliyekuletea habari.

Mimi niliuliza nikiwa chini ya maji, kwa mkasi.

Mkononi nina utepe wa bluu. Amenifunga dada, kwa mkono uliobaki na nguvu. Nimeoga nao, nimeogelea nao, nimeokoa nao watu.

Kila ukilowa, unakaza.